Sauti Iliyomwaga Maji

Katika kituo kile cha redio, hofu ilipimwa kwa vidole.

Kila ulipotengenezwa mlio mpya kwa ajili ya mchezo wa Ijumaa, watu watatu waliitwa studio ya pili: dereva, mlinzi wa zamu ya mchana na bibi wa usafi. Walikalishwa kwenye viti vya mbao, nyuso ukutani, migongo kwenye spika, na kila mmoja akapewa glasi ya maji iliyojaa pomoni aishike juu ya magoti. Kisha mlio ukapigwa. Ukiisha, fundi wa sauti alipita akiweka vidole ubavuni mwa kila glasi, kuona maji yamepungua upana wa vidole vingapi. Mlio wa kidole kimoja ulifaa kwa mlango unaofunguka wenyewe. Wa vidole viwili ulifaa kwa mnyama. Vidole vitatu viliwahi kupatikana mara moja tu, na siku hiyo dereva alidai alikuwa na homa.

Idadi ya vidole ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi la kanda, basi. Haikuandikwa mlio ni wa nini. Ukiwa na haraka, hutafuti mlio wa nini; unatafuta unaotisha kiasi gani. Ndivyo fundi mwenyewe alivyopanga, na rafu zake zilijaa maboksi ya vidole kutoka sakafuni hadi darini.

Fundi huyo aliitwa Vishindo. Alikuwa na jina lingine kwenye karatasi za ajira, nalo halikuwa lake. Karani wa shule alimbandika utotoni, akisema lile la nyumbani kwao halitamkiki. Vishindo alikuwa na miaka hamsini na mitatu na alikumbuka rangi ya wino wa karani yule.

Mwaka ule mchezo wa Ijumaa ulihusu chombo kilichokuwa kikiruka kutoka sayari hadi sayari, na mji mzima ulikuwa umenaswa. Ikifika saa kumi jioni, vinyozi waliacha vichwa nusu. Wasafiri wa chombo walishafika sayari saba. Ya kwanza ilikuwa na jua la kijani na wadudu wakubwa kama mabasi. Ya nne ilikuwa maji matupu, na ndani ya maji kulikuwa na kitu chenye meno. Ya saba ilikuwa giza, na ndani ya giza, meno tena.

Vishindo ndiye aliyeziumba sayari zote hizo, akijua zilitoka wapi. Wadudu walikuwa bawaba ya mlango wa stoo iliyorekodiwa ikapunguzwa mwendo. Kitu cha majini kilikuwa dereva akisukutua. Wakati mwingine alikaa peke yake akastaajabu: binadamu amepewa mbingu nzima ajaze apendavyo, anajaza meno. Anasafiri miaka mia ya mwanga, anateremka ngazi, na anachokikuta ni kile alichokuwa anakiogopa uani kwake. Barua za wasikilizaji zilisema hivyo hivyo bila kujijua. Mmoja aliandika: "Wale wa sayari ya tano wamenikumbusha hawa waliohamia nyuma ya kiwanda cha zamani. Hongereni kwa kazi nzuri."

Barua hiyo ilibandikwa ukutani kwa fahari. Vishindo aliipita kila asubuhi akienda kuchemsha chai, na kila asubuhi aliisoma hadi mwisho.

Sasa ilikuwa Jumanne, na Ijumaa chombo kingetua sayari ya nane, ya mwisho. Ndani ya pango kungekuwa na kiumbe. Mwandishi wa mchezo hakueleza kiumbe huyo yukoje. Aliandika tu: *Sauti. Isiwe ya kitu chochote tunachokijua.*

"Na isiwe meno," alisema mwongozaji wa michezo. Alikuwa mama wa makamo aliyepanda kutoka usomaji wa habari, na kwa kuwa alianza kila zoezi kwa kusema kimya, jengo zima lilimwita Mama Kimya. "Watu wamechoka meno, Mzee Vishindo. Nataka glasi nzima imwagike."

"Glasi nzima haijawahi kumwagika, mama."

"Kwa sababu unatupimia wewe, na wewe unajua kila mlio ulikotoka. Leo utakaa na baraza. Mashine nitaiendesha mimi."

"Unajua kuiendesha?"

"Nimekuangalia miaka tisa. Kaa."

Kikaongezwa kiti cha nne. Dereva alimpa nafasi kwa heshima zote. "Karibu kwenye mateso, kaka. Ukisikia baridi magotini, usione haya. Hapa wote tumeshalowa."

Vishindo akakaa, akaangalia ukuta, glasi mkononi. Nyuma yake Mama Kimya alivuta maboksi rafuni. Akapiga ya kwanza: vidole viwili, kanda ya zamani. Maji ya Vishindo hayakutikisika. Aliijua, ilikuwa kiatu chake chenyewe kwenye matope. Akapiga ya pili. Ya tatu. Bibi wa usafi akapiga mwayo.

Ndipo Mama Kimya alipopanda kigoda akachukua boksi la juu kabisa, lisilo na maandishi. Vishindo, uso ukutani, hakuona.

Sauti ikaanza.

Ilianza pasipo mwanzo. Ilitoka mbali, ikavimba, ikajaa chumba, ikakatika ghafla kama iliyomezwa. Ikavimba tena. Yalikuwa maneno, hilo lilikuwa wazi, lakini kila neno lilivutwa kwenda ndani badala ya kutolewa nje, kana kwamba anayesema anakunywa hewa ya chumba pamoja na waliomo. Chini ya maneno kulikuwa na kitu kingine, mchakacho wa mawimbi makavu, mchanga unaorudi ulikotoka. Vishindo aliyafumba macho yake na akaona, kwa mara ya kwanza katika sayari nane, mahali ambapo hapakuwa uani kwake. Aliona uwanda mpana usio na kivuli, na mtu, au kitu, kimesimama katikati yake kikimjua. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amewatisha wenzake kwa kulipwa, na hakuwahi kujua kwamba ndani ya hofu kuna uzuri wa namna ile, kama kusimama chini ya kitu kikubwa mno kikainama kukutazama.

Kisha kiumbe akakohoa. Kikohozi kirefu, halafu kifupi.

Glasi ikamtoka Vishindo mkononi ikapasuka sakafuni.

Maana katika maisha yake yote alimjua mtu mmoja tu aliyekohoa mara mbili, kimoja kifupi, halafu kirefu. Akageuza kile kikohozi kichwani, nyuma mbele, naye mama yake akatokea, amekaa kwenye kigoda, ungo magotini.

Kanda ikafika mwisho. Mkia wake ukawa unapiga piga kwenye mashine, tap, tap, tap.

Dereva ndiye aliyewahi kupata ulimi. "Huyo si mnyama," alisema, bado anaangalia ukuta. "Mnyama ananguruma, unajua anataka nyama, mnamalizana. Huyu ana habari ya kutoa."

"Anasema," akasema bibi wa usafi. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwiko. "Ndiyo iliyonimaliza. Angekuwa analia nisingejali, nimezaa saba, kilio nakijua. Huyu anasema, halafu mimi simwelewi hata kidogo."

"Mimi nimelowa suruali," mlinzi akasema, "lakini ni maji ya glasi. Muandike hivyo."

Mama Kimya hakuhitaji kupima. Glasi tatu zilikuwa tupu na ya nne ilikuwa vipande. "Hii ndiyo," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini au kanisani. "Miaka yote hii umeficha hii juu ya rafu?"

Vishindo aliokota vioo, akakata kidole, akasema hajisikii vizuri, akaenda nyumbani.

*

Walikuja mji ule Vishindo akiwa na miaka sita, juu ya lori la mahindi, yeye na mama yake na kifurushi na ungo. Baba alibaki nyuma, na nyuma hakukuwa na pa kurudi. Watu hawakuwafukuza. Mtu asije akasema walifukuzwa. Waliachiwa chumba chenye paa linalovuja, na mama yake akaachiwa nafasi ya mwisho kwenye foleni ya bomba, kila siku, hata alipofika wa kwanza. Alipofungua mdomo kusema, kwa lugha ya kwao, ndoo ile ni yangu, watoto walimbwekea. Mama zao walicheka wakifunika midomo kwa khanga. Shuleni mwalimu alimsimamisha Vishindo mbele ya darasa awasalimie wenzake kwa lugha hiyo ya kwao, mara tatu, mpaka darasa lilipochoka kucheka.

Kuanzia hapo mama yake alifunga mlango kabla ya kusema naye. Alifunga mlango, akafunga dirisha, ndipo akasema, tena kwa kunong'ona. Mwaka uliofuata akaacha hata kunong'ona. Alijifunza lugha ya bomba na soko, akaitumia kwa uangalifu kama vyombo vya kuazima, na ile nyingine akaimeza. Vishindo naye aliimeza. Alikuwa mtoto, na mtoto akimeza kitu kinayeyuka.

Alipoajiriwa kituoni, akiwa na miaka ishirini na minne, aliazima mashine ya kanda Jumapili moja aionyeshe nyumbani. Akaiweka nyuma ya pazia inazunguka ikirekodi, akatoka kununua mkaa. Mama yake, akijua yuko peke yake, alikaa kuchambua nafaka, akaimba. Dakika mbili na nusu. Vishindo aliisikiliza mara moja. Mwaka uliofuata walimzika, na kanda ikapanda juu ya rafu, kwenye baridi ya studio, ambako haingeoza.

Na kwa kuwa alikuwa fundi, aliiweka kama mafundi wanavyoweka: haikurudishwa mwanzo. Kanda iliyotoka kupigwa inalala vizuri kwenye gurudumu lake, inadumu, mkia nje kichwa ndani, yaani mwisho wake juu na mwanzo chini. Atakayeitaka lazima kwanza airudishe, la sivyo itasikika kuanzia mwisho. Anayejua kazi anajua. Mama Kimya alikuwa amemwangalia miaka tisa, lakini hakuwahi kumwangalia akiirudisha.

Kwa hiyo sauti iliyomwaga glasi nne haikuwa ya sayari yoyote. Mwanamke alikuwa akichambua nafaka, akisikilizwa kinyumenyume. Na mtoto wake aliyemjua kikohozi, aliyemwosha miguu, alikuwa amemwogopa kuliko wote. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Watu wa bomba walikuwa na kisingizio. Yeye alikuwa na kipi?

*

Jumatano alijaribu kutengeneza nyingine. Alikuna sufuria, alipulizia chupa, alirekodi tumbo la mlinzi. Baraza lilikaa na glasi zao kwa uvumilivu.

"Hii ni nzuri," alisema bibi wa usafi kwa huruma, maji yake yamejaa. "Inafanana na njaa."

Alhamisi akaenda ofisini kwa Mama Kimya.

"Ile sauti siyo ya kutumia, mama."

"Ni ya nani?"

Vishindo alifungua mdomo. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na kwenye korido watu walipita na karatasi zao, na ile barua ilikuwa ukutani. "Ya mtu wa zamani," alisema.

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Basi hatalalamika." Kisha, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Mzee wangu, umefanya kitu ambacho sijawahi kukisikia. Usikiogope. Kesho kiumbe anapigwa risasi ukurasa wa kumi na nne, anakufa, tunakwenda likizo."

Ukurasa wa kumi na nne. Vishindo aliusoma akiwa amesimama kwenye korido. *NAHODHA: Kabla hakijatuona, piga! (MILIO YA RISASI, MITATU. SAUTI INAKATIKA.)* Risasi zilikuwa kazi yake. Alizipiga kwa rula ya mbao juu ya mto wa ngozi.

*

Ijumaa saa kumi taa nyekundu ikawaka, na mchezo ukaenda hewani moja kwa moja kama kawaida. Nyuma ya kioo waigizaji walizunguka maikrofoni, Nahodha mbele yao. Huyu alikuwa mtu wa kifua kipana na sauti ya shaba, aliyeitwa Nahodha hata kantini, na aliyeagiza chai kama anayeagiza mashambulizi. Vishindo alikaa kwenye kijichumba chake, mashine kushoto, rula na mto kulia.

Chombo kikatua. Ngazi ikashuka. Hatua kwenye changarawe. Pango.

Mama Kimya akanyoosha kidole. Vishindo akabonyeza; kanda ilikuwa imewekwa vile vile kama Jumanne, mkia mbele.

Sauti ikaenda juu ya mji. Wale waliokuwa kazini siku ile walikuja kusimulia baadaye: saluni ambako mikono ilisimama juu ya vichwa, gereji ambako nyundo zilishushwa polepole, mama mmoja aliyemvuta mwanawe chini ya meza bila kujua amefanya hivyo. Ndani ya studio, hata kati ya waliokwisha kuisikia, hakuna aliyepumua. Mwanamke aliyewekwa mwisho wa foleni miaka arobaini na saba iliyopita alikuwa ameushika mji mzima kooni.

Kikohozi kirefu, kifupi. Kanda ikaisha.

"Kabla hakijatuona," alinguruma Nahodha, "piga!"

Redioni bunduki isiyosikika haijapigwa. Nahodha alingoja. Aliangalia kioo. Vishindo alikuwa ameishika rula, na mkono wake ulikuwa juu.

"Nimesema piga."

Akaiweka rula chini. Kanda yote sasa ilikuwa imehamia kwenye gurudumu la kulia, kichwa nje mkia ndani, kama ilivyotakiwa kuwa tangu Jumanne. Akalichomoa gurudumu, akalihamishia kushoto, akapitisha kanda kwenye matundu yake. Mama Kimya alikuwa anapiga kioo kwa kiganja. Sekunde tano. Sekunde nane. Mji mzima ulisikiliza kimya, bila kujua kwamba kimya hicho hakikuandikwa.

Sekunde ya kumi na moja akabonyeza.

Kilikuwa kikohozi kifupi, halafu kirefu. Na mwanamke akaimba.

Ni vigumu kueleza kilichotokea, kwa sababu hakikuwa kikubwa. Lugha ilikuwa ile ile isiyoeleweka. Hakuna neno moja lililofunguka. Lakini sasa pumzi ilikwenda nje, mawimbi ya mchanga yakawa nafaka kwenye ungo, na kila aliyekuwa na mama, au bibi, au shangazi aliyewahi kukaa chini akafanya kazi ya mikono, alikijua kiumbe kile hadi mkunjo wa goti. Uwanda usio na kivuli ukapata ukuta, na ukutani kigoda. Na ajabu ni kwamba ukuu wake haukupungua. Vishindo alidhani ungeondoka pamoja na hofu, nao ulibaki, ukaongezeka. Mtu mmoja, peke yake chumbani, na ndani yake nchi nzima ambayo hakuna aliyeomba kuiona.

Nahodha alikuwa na maneno ya kila jambo. Alisimama na karatasi zake, kifua kimeshuka. Kisha akazikunja, akasogea kwenye maikrofoni, na aliposema hakuwa na shaba yoyote kooni.

"Shusheni hizo bunduki," alisema. "Tumefika kwa watu."

Halafu akabisha kwa kifundo cha kidole kwenye meza, mara tatu, yeye mwenyewe, bila kumngoja fundi wa sauti.

"Hodi," alisema.

Sayari nane, na hakuna aliyewahi kubisha hodi.

Wimbo ukaendelea mpaka mwisho wake. Kisha muziki wa kufungia, na taa ikazimika.

*

Mama Kimya aliingia kijichumbani akiwa amewaka hasira. "Sekunde kumi na moja. Kumi na moja, Mzee Vishindo, za hewa tupu. Jumatatu nataka maelezo kwa maandishi."

"Yule ni mama yangu," alisema Vishindo.

Mwongozaji alibaki amesimama, mkono kwenye kitasa.

Mlinzi akatokea nyuma yake. "Simu za mapokezi hazinyamazi," alisema. "Watatu wametukana. Wawili wanauliza wimbo utarudiwa lini. Mmoja alikuwa anatafuta fundi bomba. Na yupo mama mwingine bado yuko kwenye laini, namuuliza shida yake, hasemi." Alijikuna shingo. "Anaimba."

Simu ilihamishiwa ofisini. Vishindo aliinua mkono wa simu. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, iliyoshushwa kama ya mtu aliyejificha, na ulikuwa wimbo ule ule, lakini umeshapita pale kanda ilipoishia. Kulikuwa na beti zaidi. Hakuwahi kujua kulikuwa na beti zaidi.

Alipomaliza, alisema kwa lugha ya bomba na soko, "Samahani, baba. Niko kazini. Nafua mashuka hapa hospitali, mwaka wa thelathini na moja huu. Hakuna ajuaye kuwa naujua huu."

"Mimi sijui maana yake," alisema Vishindo. "Lugha niliimeza yote, mama. Wimbo unasemaje?"

"Huo?" Yule mama akacheka kidogo puani. "Si kitu. Wa kuchambua tu. Unaliambia jiwe toka, unaiambia punje kaa. Jiwe toka, punje kaa. Basi, mpaka ungo uishe."

Vishindo naye akacheka, na kicheko kikamjaza macho maji. Mji mzima ulikuwa umetetemeka mbele ya jiwe na punje.

"Wewe," alisema yule mama, na sasa hakuwa ananong'ona. Nyuma yake mashine za kufulia zilisikika, na mtu akimuuliza anasema na nani. Hakumjibu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Mama Kimya alikuwa mlangoni. Nyuma yake dereva, mlinzi, bibi wa usafi na tambara lake, na Nahodha, kofia mkononi. Mama Kimya alinyoosha mkono kuufunga mlango ili fundi wake apate faragha.

"Uache," Vishindo alisema.

Na mlango ukiwa wazi hivyo, akalitaja jina la mama yake, lote, kama lilivyotamkwa kwao.